Feni Isiyosimama

Jua lilikuwa linazama bosi alipompigia Fundi simu. Seva ya ofisi, ile kompyuta kuu, inapiga kelele, aende aitazame kabla haijajizima.

"Ila usiifungue," bosi alisema. "Futa vumbi kwa nje, uondoke."

Fundi alikuwa akimlisha dada yake supu, kijiko kwa kijiko, kichwa cha mgonjwa kimeegemezwa ukutani. Dada naye alikuwa mfanyakazi wa ofisi hiyo hiyo, mpaka kizunguzungu kilipomwangusha. Dunia ikamzunguka mchana na usiku. Hospitali walipima, wakapima tena, hawakuona kitu. Na Fundi, kwa kuuguza huku anafanya kazi, alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa.

"Nenda, mwanangu," mama yao alisema. "Ukiikosa na hiyo kazi tutashika wapi?"

Akaenda.

Chumba cha seva kilikuwa baridi kama kawaida. Mashine zimepangwa kwenye raki, moja juu ya nyingine, taa za kijani zikipepesa. Ya chini kabisa ilikuwa na taa ya njano. Ilikuwa ikikoroma. Na harufu... harufu ya nywele zinazoungua.

Vumbi la nje halinuki hivyo. Alihamishia kazi kwenye seva ya pili, akaizima ile ya chini, akachomoa nyaya za umeme, akaivuta kwenye reli zake na kufungua mfuniko.

Umeme haukuwepo.

Feni moja ilikuwa bado inazunguka.

Taratibu. Bila upepo. Katikati yake palizungushiwa msuko wa nywele uliofungwa kwa uzi mweusi. Rangi ya shaba. Fundi aliijua rangi ile. Yeye ndiye aliyempaka dada yake, wakicheka mpaka ikamwagikia taulo.

"Dada?" alinong'ona.

Feni ikaongeza kasi.

Akaingiza vidole, akang'oa. Kitu kikalia mle ndani... na hakikuwa chuma. Kisha kimya.

Simu ikaita. Mama, analia.

"Mwanangu... amesimama! Dada yako amesimama mwenyewe, anaomba chakula!"

Fundi alikaa sakafuni, machozi yakamtoka bila sauti. Alipopata nguvu alifunga feni ya akiba, akairudisha seva kwenye raki, akaiwasha. Taa ikawa ya kijani. Msuko akaufunga kwenye kitambaa, akarudi nao nyumbani.

Alimkuta dada kitandani, amekaa wima, anakula kama mtu aliyetoka safari ndefu. Fundi hajakaa sawa, simu ikaita tena. Bosi.

"Umeifungua."

Fundi alikitazama kile kitambaa chenye msuko.

"Kabla ya dada yako nilikuwa nazunguka mimi. Hukujua, eh? Nilikuwa nafika ofisini nimeshika ukuta." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Mtu akichoka vile hachagui, Fundi. Kizunguzungu changu nilimpa aliyekuwa karibu."

"Kwa nini unaniambia?"

"Nilijua msuko ukitolewa kizunguzungu kitanirudia mimi. Nimekaa hapa, nakisubiri... hakijaja." Akashusha pumzi. "Niambie ukweli. Ule msuko uliushika kwa mkono mtupu?"

Dada aliacha kula, kijiko kikabaki hewani.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "mbona unayumba?"