Shokapu za Nyuma za Gari la Mwalimu

Jirani yetu mmoja, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Taratibu, alikuwa anakunywa chai ya saa nne kwenye karakana yake. Siku ya kawaida kabisa. Jua limewaka, redio inaongea peke yake. Mara akasikia muungurumo barabarani, na kabla hajageuka alijua ni gari la Mwalimu.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, la kijani, viti viwili, pua ndefu na mgongo mfupi. Marehemu Mwalimu, rafiki yake wa kama ndugu, alilipenda kiasi kwamba mvua ikianza kunyesha alilifunika kwanza, ndipo akakumbuka kuanua nguo. Sasa usukani ulikuwa mikononi mwa mjane wake.

"Habari za kazi, shemeji," alisema akishuka.

"Nzuri, shemeji. Karibu."

"Walionyoosha bodi wamemaliza. Ila nyuma linacheza. Likipita tuta linaendelea kurukaruka. Binti anataka kuliendesha, nami nimemwambia asiwe na wasiwasi, wewe baba yake mdogo ulishafunga zile shokapu mpya, za kurekebisha. Lakini hebu ziangalie."

"Nitaziangalia," alisema Fundi, macho yakiwa kwenye kikombe.

Hakuwahi kuzifunga.

Miaka miwili nyuma Mwalimu alimletea shokapu mbili, vile vyuma vya kulizuia gari lisirukeruke, ndani ya boksi. Mchoro wa juu ya boksi ulionyesha kifundo cha kuzungusha chini ya kila moja, chenye namba kuanzia moja hadi nane. Moja, gari linakuwa laini. Nane, linakuwa gumu kama meza. Fundi alishinda mvunguni siku mbili. Boliti ya chini, upande wa dereva, ilikuwa imeshikana na kutu. Akamwagia mafuta, akagonga nyundo, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Iligoma. Angeweza kusema imenishinda, na Mwalimu angecheka tu. Lakini Mwalimu alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu kwamba hakuna boliti inayomshinda fundi wake. Kwa hiyo Fundi alizisugua shokapu za zamani, akazipaka rangi nyeusi, na Mwalimu alipofika akamwambia, "Tayari."

Boksi akalisukuma nyuma ya rafu. Alipanga kuzifunga siku nyingine. Wiki sita baadaye Mwalimu aliingia kwenye kona yenye maji, nyuma ya gari ikateleza na kuzunguka, gari likagonga ukuta. Siku ya mazishi Fundi alibeba jeneza, upande wa mbele.

Mjane alipoondoka, Fundi alifunga geti. Wazo lilikuwa moja, nalo lilimtia aibu hata akiwa peke yake: azifunge sasa, kimyakimya, na uongo wake ugeuke ukweli.

Boksi lilikuwa na vumbi. Utepe wa gundi wa kiwandani haukuwa umekatwa. Akalichana kwa kisu.

Shokapu zilizokuwa ndani zilikuwa na tope.

Tope kavu, la barabarani. Kokoto ndogo zilikuwa zimenasa kwenye springi. Tundu za boliti zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa, kama za kitu kilichotembea safari nyingi. Aliligeuza boksi, akatazama kila pembe. Halikuwa limefunguliwa.

Akazifuta. Akapandisha gari kwa jeki, akaweka vigingi vya kulishikilia, akatoa matairi ya nyuma. Shokapu za zamani zilikuwa bado pale, na ile rangi nyeusi aliyozipaka. Akaishika ile boliti ya upande wa dereva kwa vidole, ajaribu tu.

Ikazunguka. Laini. Ikatoka yenyewe mkononi mwake.

Alifunga zote mbili, akaweka vifundo kwenye namba nne, akashusha gari. Akalikandamiza kwenye buti. Likashuka, likapanda mara moja, likatulia. Kazi safi.

Kisha upande wa dereva ukashuka tena.

Polepole. Kama mtu mzito anavyoketi. Mlango ulikuwa umefungwa. Kiti kilikuwa kitupu.

Tik.

Sauti ilitoka chini. Tik. Tik. Tik.

Alitambaa mvunguni. Vifundo vyote viwili vilikuwa kwenye nane. Akavirudisha kwenye nne, akatoka, akasimama kando. Alihesabu pumzi zake.

Tik. Tik. Tik. Tik.

"Mwalimu," alinong'ona.

Gari halikusogea. Halikuinuka.

Saa tisa alasiri mjane alirudi. Alimkuta Fundi amekaa chini, mgongo ukutani.

"Zilikuwa nzima, shemeji?"

Hata hapo uongo ulikuwa tayari mdomoni. Aliuhisi ulimini. Akaumeza.

"Sikuzifunga," alisema. "Ile mara ya kwanza. Nilipaka rangi za zamani. Boliti ilinishinda, nikaona haya kumwambia."

Mjane aliligeukia gari. Kisha akasema polepole, "Alikuwa anakusifia mezani. Kila siku. Anasema sasa gari limetulia, sasa hata kona naingia bila woga."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Gari libaki hapa. Ufunguo naondoka nao. Jumapili uje nyumbani, uyaseme haya mbele ya binti yake na mama yake mzazi."

Alikwenda. Aliyasema akitazama sakafu. Mama mzazi wa Mwalimu alikuwa hasikii vizuri. Akamshika mkono na kumwomba arudie. Ikabidi arudie kwa sauti, mpaka majirani wa upande wa pili wa ukuta wakanyamaza. Kikongwe hakulia. Alimwachia mkono tu, akaufuta wake kwenye kanga.

Jumatatu asubuhi binti alifika na lori la kubebea magari, ufunguo wa mama yake mkononi. Tangu siku ile hakuna aliyeligusa gari. Fundi hakuthubutu hata kulipitia karibu. Binti akafungua mlango wa dereva, akasimama.

Mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa. Umevutwa ukakaza, ukitengeneza umbo la kifua kipana, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Nani alikuwa ameketi humu, baba mdogo?"

Fundi alitikisa kichwa.

Binti aliinama, akabonyeza chuma cha mkanda. Akautoa mkono haraka, akamtazama, akamwashiria naye aguse.

Kilikuwa na joto. Joto lile la kitu kilichotoka kiunoni mwa mtu sasa hivi.