Ngazi ya Naushad

Asubuhi hiyo ya mwaka 2006, mtaa wa Naif ulikuwa umefurika watu kiasi kwamba mikokoteni ya marobota ilipita ubavuubavu, na wabebaji wakapiga kelele za "Yalla! Yalla!" hata pale palipokosekana upenyo. Mlangoni mwa ofisi ya kusafirisha mizigo, harufu ya wanga wa vitenge vipya ilichanganyika na ya chai ya maziwa. Ndani, nyuma ya mizani kubwa, aliketi Ummulkheir wa Mombasa, mwalimu aliyehitimu chuo na kufundisha darasa la saba kabla ya kuja Dubai kutafuta maisha. Buibui lake lilikuwa limepigwa pasi, na mtandio wa zambarau ulikaa kichwani bila mkunjo mmoja uliopotea mahali pake.

"Mama, mzigo ya Taib ndiyo hii. Iko tayari kupimwa."

Ummulkheir aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana wa Kihindi, shati jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, masharubu yamechongwa kwa uangalifu.

"Mama? Nilikuzaa mwaka gani?"

Taib mwenyewe, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuja kununua vitenge, alicheka mpaka kofia yake ikaenda upande. "Msamehe, mwanangu. Huyu ni Naushad, mtu wa Kerala, muuzaji wa duka la vitambaa pale pembeni. Kiswahili amefunzwa na wateja wa Lubumbashi. Kwao kila mwanamke ni mama."

"Basi nikuite nani?" Naushad aliuliza bila haya.

"Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu," alirudia polepole, kama mtu anayeonja sukari kwenye chai.

Wahid, kijana wa Unguja aliyesimamia mizani na asiyeruhusu neno limpite, aliguna kwa maana.

Hapo ndipo Ummulkheir alipoona hesabu zilizoandikwa kwa penseli ubavuni mwa robota. Akainama. "Nani kachafua mali ya watu?"

"Mimi. Treni ya mita mia na hamsini inapita nguzo kwa sekunde kumi."

"Naif hapana treni," alisema Wahid.

"Umepata kumi na tano," Ummulkheir alisema, bila kumsikiliza Wahid. "Hizo ni mita kwa sekunde. Wameuliza kilomita kwa saa. Jibu ni hamsini na nne. Na mtu mzima kama wewe anashindana na treni kwa ajili gani?"

"Serikali ya kwetu inatafuta watu wa kazi. Inawachagua kwa mtihani."

Mtihani wa kuomba kazi! Huko alikotoka Ummulkheir, mtihani ulikuwa mlango wa kutokea shuleni; huu ulikuwa mlango wa kuingilia ofisini. Alimtaka aeleze, na Naushad, badala ya kueleza kwa maneno, alipanga marobota matatu.

"Hili dogo ni la walioishia darasa la kumi. Hao watakuwa matarishi na walinzi wa malango. Hili la kati, darasa la kumi na mbili; makarani. Hili kubwa, wenye shahada. Wakaguzi na maofisa."

"Na wewe?"

"Mimi nina shahada ya biashara."

"Alama za kufaulu ni ngapi?"

Naushad alicheka. "Hazijulikani, Mwalimu. Nafasi ni chache, waombaji ni malaki kwa malaki. Haitoshi kupata vizuri. Lazima upate kuliko wenzako."

Ummulkheir alitikisa kichwa. Mtihani gani huo usiojua kufaulisha? Lakini mpangilio wake, ngazi juu ya ngazi, ulimvutia kama kabati lililopangwa vyema.

"Ijumaa huna kazi?" alijikuta akiuliza.

*

Wakawa wanakutana kila Ijumaa baada ya swala katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Karama, penye meza za bati na chai ya rangi yenye ndimu ambayo watu wa Kerala huiita sulaimani. Alimfundisha asilimia, uwiano na Kiingereza cha kujaza mapengo. Naye Naushad akamfundisha jinsi ya kuchana mkate wa porota bila kujipaka mafuta. Alipokosea, Ummulkheir aligonga meza kwa kijiko. Alipopatia, alisogezewa kipande cha nyama.

"Mwalimu, ukinilisha hivi nitanenepa kabla ya kuajiriwa."

"Ofisa mwembamba nani atamwogopa?"

Katikati ya wiki walizungumza kwa simu. Naushad alibipu mara moja, Ummulkheir akabipu kumjibu, na mwenye salio siku hiyo ndiye aliyepiga.

"Umekula, mwanafunzi wangu?"

"Nimekula wali na hesabu. Wewe umevaa mtandio gani?"

"Wa kijani. Kwani swali hilo lipo kwenye mtihani?"

"Lipo. Ndilo lenye alama nyingi."

Ummulkheir alikata simu akitabasamu peke yake, kisha akajikemea, kisha akatabasamu tena.

Siku moja, wakati wa kupima mizigo, Wahid alijikohoza kwa namna ya mtu mwenye habari. "Da Ummu, yule Mhindi wako anaujua uongo. Wanaolala naye chumba kimoja wameniambia. Mtihani anaokwenda kuufanya ni wa matarishi. Darasa la kumi."

"Si kweli. Ana shahada."

"Haya. Muulize mwenyewe basi."

Alimpigia mchana uleule. "Naushad, unafanya mtihani wa ngazi gani?"

"Ya kwanza."

"Ya walioishia darasa la kumi?"

"Ndiyo, lakini sikiliza, Mwalimu..."

"Khalas."

Akakata. Kilichomuuma si utarishi. Baba yake mwenyewe alikuwa tarishi wa mahakama na aliwasomesha wote. Kilichomuuma ni kwamba mtu ambaye yeye alimfungulia moyo kila Ijumaa alikuwa amemwonyesha robota kubwa huku la kwake likiwa dogo.

Simu iliendelea kubipu. Ijumaa ilipita bila kwenda Karama. Iliyofuata nayo ikapita. Alikunja mitandio yake yote upya na kuipanga kwa rangi, lakini ndani yake kitu kilikataa kukaa sawa. Mtu wa darasa la kumi amewezaje kumsahihisha karani wa mizigo makosa ya hesabu za kampuni, kama alivyofanya mwezi uliopita pale ofisini? Amejua wapi faida limbikizi, ambayo yeye hakumfundisha? Mwalimu aliyekaa mbele ya wanafunzi miaka mingi hajui kuliacha swali likae bila jibu. Siku moja baada ya alasiri alivaa mtandio wa zambarau, akaenda hadi duka la vitambaa.

Naushad alikuwa akikunja kitenge. Alipomwona, kitambaa chote kilimwangukia miguuni.

"Nimekuja na maswali," alisema Ummulkheir. "Ujibu, usijitetee."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Shahada unayo au huna?"

"Ninayo. Nilisoma chuo cha Kozhikode, kwetu Kerala."

"Basi mbona unafanya mtihani wa walioishia la kumi?"

"Kwa sababu wanaruhusu. Ngazi inasema usipungue hapo. Haisemi usizidi."

Ummulkheir aliketi juu ya robota. Muda wote alikuwa amezielewa zile ngazi kama madarasa ya shule, ambamo mtoto wa la nane hakubaliwi kufanya mtihani wa la tatu. Kumbe kila ngazi ilikuwa mstari wa chini tu. Aliye juu yake yeyote aliruhusiwa.

"Ungeniambia."

"Niliona haya. Wewe uliliangalia robota kubwa kwa macho ya kupenda."

Moyo wake ulilegea, lakini alishika swali lake. "Na kwa nini usifanye ule wa shahada?"

Naushad aliokota kitenge, akaanza kukikunja upya, akakosea, akaanza tena. "Ule wa chini ni siku moja. Nikienda likizo naufanya, narudi; kuitwa kazini huchukua miaka. Wa shahada una hatua. Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili, kisha usaili. Karibu mwaka mzima. Arbab, bosi wangu, ananipa likizo mara moja kila miaka miwili. Kuufanya huo ni kufuta visa, nirudi kwetu kabisa."

"Na hutaki kurudi kwenu?"

"Kwetu wewe hupo."

Nje mikokoteni iligongana na wabebaji wakatupiana maneno. Ummulkheir hakusikia. Alielewa sasa kilichokuwa kimefichwa na haya ya kijana huyu: alikuwa amejishusha ngazi mbili ili asiondoke Naif. Ilikuwa rahisi kumwambia abaki. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Na yule aliyeishia la kumi kweli," aliuliza kwa sauti ya chini, "ukikaa wewe kwenye kiti chake, yeye atakaa wapi?"

Naushad aliacha kukunja. "Mdogo wangu Ashraf aliishia la kumi. Ameufanya mara mbili. Amekosa mara mbili."

"Amekoseshwa na watu kama wewe."

Naushad aliweka kitenge chini. Kisha akasema, "Unanifukuza, Mwalimu?"

"Nakupandisha darasa."

"Na nikifaulu?"

"Hata kabla ya kufaulu, uje kwetu Kibokoni, Mombasa, uulize. Huko nako kuna mtihani."

"Una ngazi ngapi?"

"Moja tu. Mjomba wangu. Lakini hana huruma."

Naushad alicheka, na hapohapo macho yake yakajaa maji.

Aliondoka mwezi uliofuata. Kwenye uwanja wa ndege, mbele ya watu waliosukuma mabegi yaliyofungwa kamba, hawakushikana hata mikono. Ummulkheir alimwambia tu, "Soma swali hadi mwisho. Angalia wanataka mita au kilomita." Kisha akageuka haraka, kwa sababu mtandio wake ulikuwa umeanza kulowa.

*

Miezi ilipita kwa kubipu na kadi za simu za bei rahisi, kisha kwa wiki mbili simu ikanyamaza kabisa. Wahid, aliyekuwa akijilaumu tangu siku alipoleta habari za utarishi, alimletea chai bila kuombwa. Ndipo asubuhi moja, katikati ya kupima mizigo, simu ikalia, na haikuwa ya India.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama yake kutoka Mombasa, "yupo kijana wa Kihindi hapa ukumbini. Amekuja na Taib mwenye duka la vitenge, ndiye mshenga wake. Mbona anazungumza kama Mkongo?"

Ummulkheir alisimama, akaibana simu sikioni. "Amesema nini, mama?"

"Ati amefaulu hatua ya kwanza ya mtihani wa wenye shahada, ya pili bado. Mjomba wako kamuuliza, na ukianguka je? Akasema akianguka atarudi kuuza vitambaa, lugha ya wateja anayo. Mjomba kacheka, naye unamjua hacheki. Sasa anauliza kama kuna mwengine aliyetangulia kukuposa. Tumjibu nini?"

Wahid alikuwa ameacha kupima. Mtaa mzima wa Naif ulionekana kusubiri.

"Mwambieni Mjomba," alisema Ummulkheir, akipanga kila neno mahali pake, "nafasi ni moja, na mwombaji ni mmoja."

Alisikia mama akipiga kigelegele. Kisha, kwa mbali, nyuma ya kelele hizo, alisikia sauti ya kiume ikiuliza, kwa lafudhi ya Lubumbashi lakini bila kosa hata moja, kama Mwalimu amekwisha kusahihisha.