Nafasi ya Deborah Kwenye Sahani

Bugali ulikuwa na shimo upande ambao hakuna mtu aliyeketi.

Lucie aliliona wa kwanza. Ilikuwa mchana, mlango wazi, jua linapiga mawe meusi ya uani. Walikula chini kwenye mkeka, sahani moja katikati: Lucie na mtoto wake Ruffin mapajani, mume wake Fiston aliyerudi na pikipiki kula haraka haraka, na dada mkubwa wa Lucie, Domitille. Kati ya Domitille na mlango palikuwa na nafasi tupu. Huko ndiko bugali ulikuwa umemegwa, tonge dogo, na alama za vidole vyembamba zilikuwa bado hapo.

Fiston alidhani ni Ruffin. Lakini mkono wa Ruffin haukuweza kufika upande ule.

Domitille alikuwa amefika kwao mtaani Katoyi akitoka Kibumba, siku ambayo vita vilishuka na barabara yote ikajaa watu. Alifika na sufuria kichwani, bila binti yake Deborah, mtoto wa miaka saba. Mtoto alipotelea katika umati na hakuna aliyeweza kusema ni wapi. Tangu hapo Domitille hakulia. Aliamka, akachambua maharage, akatazama ukuta wa mbao, akalala. Majirani walikuwa wema. Mmoja alileta blanketi, mwingine aliacha maharage mlangoni akaondoka bila kungoja asante. Lucie aliyaweka yote hayo moyoni, na yeye pia akatafuta la kumfanyia dada yake. Hakuwa na kitu isipokuwa kusoma. Alikuwa amemaliza darasa la sita tu, lakini sauti yake ilisoma vizuri.

Ndiyo maana alikwenda kwa Muzee Assani, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema na biashara, na ambaye aliuza vitabu vikuukuu juu ya shitingi ya plastiki kando ya barabara. Alimwomba hadithi fupi, kwa sababu kichwa cha dada yake hakikuweza tena kubeba kitu kirefu. Muzee alimpa kitabu chembamba cha mwandishi wa Bukavu aitwaye Bagalwa. Alimweleza kwamba huyu anaandika mambo ya ajabu: mto unaokataa kuvukwa, kuku anayejua siku ya kilio. Lucie akauliza aanzie wapi.

“Kila mutu ananiuliza hivyo juu ya huyu Bagalwa,” Muzee alisema. “Anza na ya mwisho, Mama Ruffin, ile ya mlango. Kisha urudi nyuma polepole. Ile ya kwanza, ya sahani, usiisome katika nyumba ambamo kuna mutu anangojewa.”

Lucie alicheka, akasema shuleni kwao mwalimu angemchapa anayeanzia kitabu mwishoni. Muzee hakucheka. Alikataa kuchukua chochote, akakifunga kitabu katika plastiki kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza.

Nyumbani, Lucie alifungua mwishoni kama alivyoambiwa. Domitille alikuwa kando yake. Alinyoosha mkono, akageuza kurasa zote mpaka mwanzo, akaweka kidole juu ya picha ndogo ya sahani.

“Soma hii,” alisema.

Lilikuwa jambo la kwanza aliloomba tangu afike. Lucie hakuweza kumnyima.

Ilikuwa hadithi ya mama aliyepotelewa na mtoto vitani. Kila akila, aliacha nafasi kando ya sahani na kutaja jina la mtoto kabla ya kunawa. Siku moja mtoto akaja akala. Basi, hadithi ikaishia hapo, mtoto anakula na mama anamtazama. Lucie aligeuza ukurasa akitafuta kilichofuata, akakuta hadithi nyingine.

Kesho yake Domitille alisogea kidogo kwenye mkeka, akasema taratibu, “Deborah,” kisha akanawa mikono. Lucie alimwacha. Nafasi tupu haimnyang'anyi mtu chakula, ndivyo alivyofikiri.

Kisha ndipo lile shimo lilipoonekana.

Halikukoma. Kila walipokula lilikuwa pana kuliko jana, na wale samaki wadogo, sambaza, waliowekwa juu ya mboga ya sombe, waliisha upande ule kwanza. Harufu ikaja, ya majivu yaliyolowana, na chini ya harufu hiyo sauti ndogo ya mtu anayelamba vidole. Fiston alianza kula amesimama mlangoni, halafu akawa harudi mchana. Domitille peke yake hakuogopa. Alisukuma vipande vizuri vya samaki kuelekea ile nafasi, akiwa na uso uleule mtulivu wa kuchambua maharage, na Lucie hakujua kama dada yake amepona au amezama zaidi.

Ruffin ndiye aliyelipa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, mnene, hajasema bado neno hata moja. Mwanzoni aliitazama ile nafasi na kuicheka. Baadaye aliacha kucheka. Alikula, lakini hakushiba. Alinyonya, lakini alipungua. Kila tonge ambalo Lucie alimtia mdomoni lilikuwa kama limekwenda kwa mwingine, mpaka mchana mmoja, akiwa amemshika mapajani na harufu ya majivu imejaa nyumba nzima, alisikia ule ulambaji ukihama kutoka kwenye sahani, ukizunguka mkeka polepole, ukipita nyuma ya mgongo wa Domitille ambaye hakugeuka, ukija mpaka karibu na goti lake, na pale mtoto akafungua mdomo mtupu akatafuna, akatafuna, huku macho yake yakifuata kitu kilichokuwa kimeinama juu yake.

Lucie alikimbia na mtoto mpaka kwa Muzee Assani. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

“Ulianza na ya kwanza,” Muzee alisema.

“Yeye ndiye aliniomba, muzee. Alikuwa haombi kitu.”

Muzee hakumgombeza. Alimkalisha juu ya ndoo, akamshikia Ruffin, akamwambia afungue kitabu asome ya mwisho palepale. Lucie aliisoma kwa midomo tu. Iliandikwa humo kwamba anayekuja kula katika nafasi ya mtoto ni jini wa barabarani, mwenye njaa isiyokuwa na jina, na kwamba anatoka tu kama yule aliyemfungulia nafasi ataifunga kwa bega lake mwenyewe. Halafu atakuja mlangoni na kuita kwa sauti ya mtoto. Usimfungulie kabla ya kumuuliza jambo ambalo halijatamkwa kamwe katika nyumba hiyo, kwa sababu jini anajua tu aliyoyasikia sahanini.

Kumwambia Domitille kulikuwa kugumu kuliko kusoma. Lucie alimsomea ile hadithi yote, Fiston amekaa kando, kofia ya pikipiki mapajani. Domitille alisikiliza mpaka mwisho.

“Nikifunga hapa,” alisema, “nitakuwa nimemuzika.”

“Yaya, dada yangu, si yeye anayekula.”

“Na kama ni yeye?”

 Lucie alimchukua Ruffin akamweka mikononi mwa dada yake. Domitille alimpima kidogo, juu na chini, kama wanavyopima mtoto wa mwingine kwa furaha. Mikono yake ikasimama. Alijua uzito wa watoto, na huyu alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka.

Bugali ulipowekwa, hakutaja jina. Alinawa. Akasogea, bega lake likagusa bega la Fiston, goti likaziba mkeka mpaka ukingoni, na mlango ukafungwa. Walikula bila kutazamana. Ule ulambaji ulikuja nyuma yao, ukatafuta, ukarudi, ukatafuta tena, na harufu ikawa nzito mpaka Lucie akaziba pua ya mtoto kwa kitenge. Halafu ikaisha ghafla.

Mlangoni, kwa nje, mtu alikwaruza mbao.

“Mama,” sauti ikasema. “Mama, ni miye. Niko na njaa.”

Ilikuwa sauti ya Deborah. Lucie aliijua, na akaona jasho likitoka kwenye shingo ya Fiston. Domitille hakuinuka. Aliongea akiutazama bugali.

“Kama ni weye, niambie. Ukilala, nilikuwa ninakuitaje?”

Kukwaruza kukakoma. Kisha sauti ikasema, “Deborah.” Ikangoja. “Deborah wa Domitille. Deborah wa Kibumba.” Ikaanza kusema haraka, ikarudia maneno yote yaliyosemwa karibu na sahani ile, kula samaki huyu, sogea mwanangu, ikarudia hata hadithi ya kwanza, neno kwa neno, kwa sauti ya Lucie mwenyewe.

“Hajui,” Domitille alisema, akamega tonge.

Kukwaruza kuliendelea kidogo, kukaenda upande wa barabara, kukapotea.

Lucie hakumuuliza dada yake jina lile alilomwita mtoto akilala. Domitille hakulisema, wala kwa kunong'ona. Kitabu kilirudi kwa Muzee Assani, akakiweka chini ya vingine vyote. Fiston alianza tena kurudi mchana. Ruffin alinenepa, mashavu yakajaa, akasimama akishika ukuta. Jirani yule wa maharage aliacha tena fungu mlangoni, na Lucie aliwahi kumshukuru kabla hajaondoka.

Walikuwa wanakula hivyo, bega kwa bega, mlango wazi, Ruffin alipoacha tonge lake. Aligeuka akatazama kati ya mama yake mkubwa na mlango, mahali ambapo palikuwa na bega tu. Akacheka. Akasema neno lake la kwanza, wazi kabisa, kama aliyefundishwa polepole.

“Kanyana.”

Fiston alifurahi, akauliza ni nani aliyemfundisha jina hilo. Lucie alisema si yeye.

Mkono wa Domitille ulikuwa umesimama ndani ya sahani. Hakumtazama yeyote. Kisha, taratibu, akasogeza goti lake, na bega lake, akaacha nafasi ya kutosha mtoto mmoja.