Chimène na Meli ya Kuvunja Barafu

Cibalonza anafanya kazi kwenye ghala huko Cheektowaga, karibu na mji wa Buffalo, Amerika. Jioni moja alipika ugali na sombe, yaani majani ya muhogo. Binti yake Chimène, ambaye ni askari wa kikosi cha kulinda pwani ya Amerika, hakula.

"Mama, nimepangiwa meli ya kuvunja barafu," alisema. "Tunaenda Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia."

"Bon. Nasikia mataifa makubwa wanagombania huko," alijibu Cibalonza, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake. "Nilikimbia kwetu Kivu juu ya vita ya madini. Sasa mtoto wangu anaenda kwa vita ya barafu? Sikubali!"

Chimène alimwita jirani yao Priscah, Mkenya anayefundisha jiografia.

"Mama Chimène, huko hakuna vita," alisema Priscah. "Kuna ushindani. Moshi wa magari na viwanda unazidisha joto duniani, na Aktiki inapata joto haraka zaidi. Barafu ya baharini inapungua. Meli zinapita mahali ambapo zamani hazikuweza kupita."

"Na chini ya bahari hiyo kuna nini?"

"Mafuta, gesi, madini. Urusi, Amerika, Kanada, hata Uchina, kila nchi inataka nafasi yake."

"Nilijua! Na watu wanaishi huko?"

"Ndiyo, wenyeji wa tangu zamani. Wanavua na kuwinda. Siku hizi barafu inavunjika wakiwa juu yake."

"Donc, nani anawasaidia?"

"Sisi, Mama," alisema Chimène. "Siwezi kukuficha, meli yetu inalinda mipaka ya Amerika. Lakini mtu akipotea baharini tunamtafuta. Hatumuulizi ni wa nchi gani."

Cibalonza alikumbuka yeye na familia yake walivyovuka Ziwa Kivu wakikimbia, na mvuvi asiyewajua aliyewavuta hadi ufukoni. Akamshika binti yake mkono.

"Nenda, mtoto wangu. Ila uvae vizuri."

Jumapili alisimama kanisani, akaomba watu wote wamwombee Chimène.

Mwezi wa nane simu ililia. "Mama! Tumeokoa watu wawili, baba na kijana wake. Injini ya boti yao ilizimika kwenye ukungu. Mimi ndiye niliyewaona kwanza!"

Kesho yake, wakati wa chakula kazini, Cibalonza alisimama mbele ya wenzake. Kwa kawaida yeye ni mtu wa kimya.

"Sikilizeni," alisema. "Mtoto wangu ameokoa watu huko Aktiki."

"Aktiki ni wapi?" mmoja aliuliza.

Cibalonza alivuta kiti, akakaa, akaanza kuwaeleza.