Faili la Hope

Aliyepatwa na haya ni rafiki yangu Otilia, wa Nangara. Tangu siku ile hataki tena kuitwa Mama Hope.

Kazi yake katika maabara moja pale Babati ilikuwa kupanga kwenye kompyuta mafaili ya vinasaba vya damu za wagonjwa na kuyatuma kwa wachambuzi Arusha. Binti yake Hope alipofariki kwa homa isiyojulikana, faili la damu yake likaingia humo humo. Otilia alituma mengine yote, lile akalibakiza. Kulituma aliona ni kama kumzika tena.

Kila asubuhi alitazama ukubwa wake kwenye kompyuta, kama alivyokuwa akimtazama mwanawe kwenye mizani ya kliniki. Na kila asubuhi lilikuwa limeongezeka kidogo. Hakumwambia mtu. Alitabasamu tu, maskini, mama wa watu.

"Pole, Mama Hope," mkuu wake Melkiadi alimwambia jioni moja ya mvua, "lakini Arusha wanalisubiri lile. Litume, wajue kilichomwondoa, kisije kikaondoa na wengine."

Akakubali. Alipobonyeza tu, umeme ukakatika. Giza likajaa chumba kile kisicho na dirisha. Feni ya kompyuta ikavuma taratibu, ikanyamaza. Ndipo akasikia, karibu kabisa na mikono yake, kikohozi kidogo kikavu, kile cha siku ambazo Hope alianza kukonda.

Umeme uliporudi, faili lilikuwa bado halijaenda. Otilia akatazama ukubwa wake.

Lilikuwa limeanza kupungua.