Protini ya Sampuli Thelathini na Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, foleni kwenye dirisha la maabara ya hospitali ilikuwa na watu ishirini na sita. Wa mwisho alikuwa mshonaji, kavaa gauni la manjano alilolikata mwenyewe, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alikuwa akikohoa.

"Kaka, koti jeupe ndiyo ruhusa ya kuruka foleni?" alimuuliza mtafiti aliyepita na trei.

"Nina seli hapa, dada. Zikipoa zinakufa."

"Makubwa! Haya, wapitishe wagonjwa wako."

Mtafiti hakujua kutongoza, akaeleza. Seli zinazofunika njia za hewa zina upande wa juu unaotazama hewa, na wa chini unaotazama damu. Seli huchambua protini za utando wake na kuisafirisha kila moja upande wake. Kuna moja ambayo isipofika juu, kamasi hukauka, na mtu hukohoa maisha yake yote.

"Kumbe umenisoma," akasema mshonaji.

Miezi miwili baadaye mshonaji alikuwa akimpigia simu kila mchana. "Laazizi, umekula, au umeshinda na hizo seli, wake wenzangu wa kwenye vikombe?"

Hospitali ilikuwa ikijaribu dawa mpya ya ugonjwa huo. Iliwafaa tu wale ambao protini yao hutengenezwa, kisha hukwama ndani ya seli. Seli za mshonaji zilikuwa sampuli thelathini na moja. Kwa kuwa alikuwa mpenzi wake, mtafiti alipaswa kumpa mwenzake wa maabara aipime. Aliipima mwenyewe. Alitia rangi, akachungulia kwenye hadubini, akaona giza tupu. Akaandika: haipo. Jina la mshonaji likakatwa kwenye orodha ya majaribio.

Mshonaji akapiga simu mara tisa, mtafiti hakupokea. Kisha ukaja ujumbe: "Nimeelewa. Mgonjwa haolewi."

Wiki tatu baadaye, Ijumaa, mtafiti alipekua daftari la kazi. Sampuli thelathini na moja haikuwa na alama kwenye hatua ya sabuni, ile inayotoboa utando ili rangi iingie ndani. Bila sabuni, rangi huonyesha kilichoko juu tu. Alirudia kipimo kwa seli zilizobaki. Rangi ya kijani ilijaa ndani ya kila seli: protini ilikuwapo, imekwama. Juu hapakuwa na hata nukta.

"Orodha tumeifunga jana saa kumi," alisema mkuu wa majaribio.

"Kosa ni langu, si lake."

"Najua. Haifunguki."

Akaenda kwenye chumba cha ushonaji.

"Umefuata suruali yako?" mshonaji aliuliza, mguu ungali kwenye mashine.

"Protini yako ipo. Nilisahau hatua moja."

Mashine ikanyamaza. "Basi nipeni dawa."

"Orodha imefungwa jana. Nimeomba, wamekataa."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mtafiti alisimama mikono ikining'inia. Alijua kilichokuwa kikitokea ndani ya kila seli, na hakuwa na la kufanya.

"Na simu zangu tisa?"

"Niliogopa kukwambia haipo."

"Msomi mzima, huna akili! Nimelia wiki tatu nikidhani umenichoka." Alifuta macho kwa kipande cha bitana. "Orodha nyingine lini?"

"Sijui. Pengine mwaka. Pengine isiwepo."

"Basi nioe sasa hivi. Ila vipimo vyangu apime mtu mwingine."

Saa kumi na moja na robo jioni, mtafiti alisema ndiyo.