Sahani ya Akoth

Sahani ilikwisha kuchomwa, kisha ikarudi.

Jepkemboi alifungua kabati la joto, lile ambamo maabara yao pale Nakuru huotesha vijidudu vya wagonjwa, akaikuta kwenye rafu ya juu: sahani ndogo ya plastiki, jina la Akoth juu yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameitupa motoni wiki mbili nyuma. Sasa ilikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

Asingeisahau. Akoth wa Kaptembwo alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikaoza, na dawa moja moja zikashindwa. Daktari akataka mbili zijaribiwe pamoja. Jepkemboi akapanda vijidudu kwenye sahani mbili, moja yenye dawa, nyingine bila dawa, ya kulinganishia. Stima ikapotea, kabati likapoa. Asubuhi zote mbili zilikuwa safi, hata ile isiyo na dawa, na hapo hata mwanafunzi wa juzi angejua kwamba hakuna kilichoota, kwa hiyo hakuna kilichopimwa. Lakini daktari alikuwa akipiga simu, na kurudia ni siku nzima. Akaitupa motoni ile ya kulinganishia, akaandika: dawa zimeua. Siku ya nne Akoth akafa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu wetu alificha, kifo kikamchukua mwingine.

Aliichoma tena. Kesho yake ilikuwapo, na ndani yake vijidudu vimeota mistari mitano, kama vidole. Siku ya tatu, mchana kweupe, harufu ya kidonda ikajaa chumba, na kitu kikaanza kukwaruza mlango wa kabati kutoka ndani, polepole.

"Jepkemboi," mwenye maabara, Shakuntala, alinong'ona, "umesikia? Kuna mtu analia ndani ya hiyo mashine. Usinicheke."

"Sicheki, madam."

Shakuntala akamleta ustadhi kutoka Bondeni. Alifukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka, kisha akajifuta uso.

"Huyu hatoki kwa moshi," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema kuna mtu hapa hajamaliza kazi yake. Na anasema haraka, mtoto anaumwa."

Jepkemboi alitazama sakafu.

Simu ikalia. Alikuwa Hezekiah, mume wa Akoth.

"Sista, niko hospitali na mtoto. Ameshikwa na ile ile ya mamake. Wanataka kumpa zile dawa mbili, si nyinyi mlisema zinaua vijidudu, mamake alichelewa tu? Wameniambia nilete ile karatasi."

Mkwaruzo ukageuka kishindo, kabati likatikisika, chupa zikagongana kwenye rafu, harufu ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya hayo yote akasikia, karibu kabisa na sikio ambalo halikuwa na simu, mwanamke akihema kama aliyekimbia kutoka mbali akiogopa kuchelewa.

"Hezekiah, usikubali! Sikupima. Stima ilipotea, nikaandika tu."



"Ulijua?"

"Nilijua siku hiyo hiyo."

"Mimi nilikuletea soda," alisema Hezekiah taratibu. "Nikakushika mkono nikakwambia asante."

Hakuna aliyemfokea, na hilo ndilo lililomvunja. Akalia mbele ya bosi wake na mgeni. Kabati lilikuwa limenyamaza.

Jioni ile sampuli ya mtoto ikaletwa. Akapanda sahani mbili za dawa zile zile, mbili za dawa nyingine na mbili bila dawa, za kulinganishia, akakaa kando ya kabati mpaka asubuhi akilinda stima. Sahani za kulinganishia zikaota vizuri. Za dawa zile mbili nazo zikaota, zikajaa pote. Za dawa nyingine zilikuwa safi.

Aliandika zote kama zilivyo. Kalamu ilipofika mahali pa sahihi, pumzi ya joto ikatua shingoni mwake, ikangoja. Akaweka jina lake.

Mtoto alipona. Jepkemboi bado anafanya kazi, chini ya jicho la Shakuntala, na mpaka leo hajawahi kuweka sahihi bila kuisikia pumzi ile, ikisoma karatasi pamoja naye mstari kwa mstari.